Boliti Nne za Taratibu

Madereva walimwita Taratibu, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Si kwamba alikuwa mvivu, la. Kilima cha kwenda kiwanda cha unga, ambacho wenzake walikipanda kwa fujo na honi, yeye alikipanda kwa gia moja toka chini hadi juu, kioo kimeshushwa, sikio limetoka nje, anausikiliza mlio wa injini kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa wake. Miaka kumi na minne alikuwa akipakia nafaka stesheni ya treni, anapanda nazo kiwandani, anashuka mtupu, anapakia tena. Ukimuuliza habari za dunia, atakujibu habari za kile kilima.

Lori lenyewe lilikuwa limekula chumvi nyingi. Kichwa chake kilikuwa mali ya kampuni moja aliyoitumikia zamani. Kampuni ilipokufa, wenyewe wakamwambia, mishahara yenu hatuna, wewe chukua hili. Akalichukua halina hata taa. Tela alilipata miaka miwili baadaye kwa mtu mwingine kabisa, ndiyo maana kichwa kilikuwa cha kijani na tela jekundu, na watani wakasema hii ni ndoa ya mkeka, haina baraka za wazazi. Kidogo kidogo akalitengeneza. Pistoni alibadilisha mwenyewe. Klachi mwenyewe. Giaboksi aliwahi kuiteremsha peke yake kwa jeki mbili na godoro bovu, akakaa wiki nzima hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Spana zake alizifunga vitambaa vya rangi, maana macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono na namba zilizochongwa kwenye chuma hakuziona tena: kumi na saba nyekundu, kumi na tisa bluu, ishirini na nne kipande cha kanga ya mkewe.

"Gari hili halijaguswa na mkono wa mtu mwingine," alikuwa akijisifu. "Siku likifa, hakuna haja ya kumtafuta muuaji."

Watu wakacheka. Naye akacheka. Lakini alikuwa amemaanisha.

Basi siku moja ikabandikwa karatasi kwenye geti la kiwanda. Madereva wakaizunguka, na aliyeisoma kwa sauti alikuwa Kisigino, dereva wa makamo aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kukanyaga mafuta kwa kisigino, ncha ya mguu imepumzika. Karatasi ilisema hivi: kufikia Ijumaa ya mwisho ya mwezi, saa sita mchana, kila lori lipimwe breki pale pale kwenye mteremko wa geti, likiwa na mzigo, injini imezimwa. Lisilosimama haliingii tena. Orodha ikifungwa imefungwa, hadi ukaguzi wa mwaka unaofuata.

"Hapo wamekulenga wewe, mzee mwenzangu," Kisigino akasema.

Hakukosea. Lori la Taratibu lilikuwa na breki za zamani, zile zinazoshikwa na upepo peke yake. Upepo ukiwa umejaa kwenye mitungi, gari linashika. Upepo ukivuja, na kwake ulivuja kila mahali, breki inaondoka na upepo wake. Ndiyo maana kila aliposimama alishuka na gogo la mti, akalisukuma nyuma ya tairi. Malori mapya yana chemba za namna nyingine, makopo ya chuma yaliyo kando ya magurudumu: ndani yake kuna springi nene kama mkono wa mwanamume, na upepo ukiisha, hiyo springi ndiyo inayoifunga breki. Huhitaji gogo.

Taratibu alikuwa na miaka sitini na moja. Nani angemwajiri? Madereva wa umri ule huulizwa kwanza cheti cha macho. Kazi nyingine hakuijua, na mzigo mwingine wa lori kuukuu namna ile hakuujua pia. Watu wenye mali zao hutafuta magari yanayong'aa. Nje ya geti lile alikuwa mzee mwenye chuma kikubwa uani. Aliirudia habari hiyo kichwani siku kumi nzima, na siku zote kumi hakumwambia mkewe. Akirudi anakula, anajibu "salama," anageukia ukutani.

Mke akaja kuipata kwa kaka yake, mwenye duka la spea barabara ya chini.

"Kumbe mimi ni mpangaji wako," akamwambia mumewe siku ile. "Habari za nyumba yangu nazisikia dukani, pamoja na wanunuzi wa gundi ya pancha."

"Nilitaka nipate la kusema kwanza."

"Siku kumi unatafuta la kusema? Vaa viatu, nenda kwa shemeji yako."

Akavaa viatu. Shemeji alikuwa mtu mnene, mcheshi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiwa mbele ya kaunta yake. Siku zote nyuma, kana kwamba alizaliwa humo.

"Karibu, shemeji. Umekuja kununua, au umekuja kuniambia tena ulivyoiteremsha giaboksi?"

"Hiyo hiyo giaboksi ndiyo imenileta."

Maana nyuma ya nyumba yake, chini ya bati, Taratibu alikuwa ameweka giaboksi ya pili, ya akiba, iliyopakwa grisi na kuvishwa magunia. Ndiyo iliyokuwa ikimpa usingizi: hii ikifa, ipo ile. Akaitoa hiyo, na shemeji akatoa chemba nne mpya ndani ya maboksi, valvu yake, na mipira ya upepo ya kutosha lori zima. Biashara ya wanandugu, haikuwa na maneno mengi. Neno lilikuja mwishoni.

"Nitampa fundi wangu akufungie, bure," shemeji akasema. "Hizi si kama zile zako. Zina mambo yake."

"Fundi wako yupi? Yule mwenye kucha safi?"

"Anafunga malori matatu kwa wiki, mzee."

"Basi afunge la nne la mtu mwingine. La kwangu halijaguswa na mkono wa mtu."

Shemeji akapangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Haya, bwana. Salimia dada."

Kazi ilimchukua siku mbili, uani kwake. Alilala chali chini ya lori, mkewe ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa anampa spana kwa rangi. Mipira ya zamani ilikatika mikononi mwake kama mkate mkavu. Kila alipofunga mpira mpya alipaka povu la sabuni kwenye maungio na kutazama kama litatoa mapovu, na halikutoa, na mara ya kwanza katika mwezi ule alipiga mluzi.

Sasa, kila chemba ilikuwa na boliti ndefu, inatokea katikati ya mgongo wake, na nati kwenye ncha. Kwenye chemba za zamani haikuwepo. Taratibu akaigusa nati ya kwanza kwa vidole, ikacheza kidogo. Akasonya.

"Siku hizi viwandani hawakazi vitu," akasema. "Hii ingedondoka njiani. Nipe bluu."

Mke akampa bluu. Akaikaza. Akachomeka bomba kwenye mkia wa spana ili apate nguvu zaidi, akaikaza tena mpaka chuma kikalia. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne.

"Na hii karatasi iliyokuwa ndani ya boksi?" mke akauliza. "Ina picha picha."

"Lete nifutie mikono."

Jioni ya pili akawasha injini, upepo ukajaa, akavuta kile kitufe kipya cha breki. Pshaaa! Mlio safi, wa gari jipya. Lori likasimama kimya pale uani, na pale uani palikuwa tambarare kama meza. Akashuka, akalipiga kofi la mapenzi kwenye mlango. Mkewe akasema, "Hilo kofi ningepewa mimi mwenye kukaa juu ya ndoo siku mbili, ungenisikia," nao wakacheka wote wawili.

Ijumaa ikafika. Saa tatu asubuhi alikuwa kilimani, tela limejaa magunia, wa nne kwenye foleni, Kisigino nyuma yake. Mkaguzi alikuwa binti mdogo mwenye buti kubwa na ubao wa kuandikia, mpole wa sauti, na asiyecheka. Watatu wa kwanza wakapita. Likaja la kijani na jekundu.

"Shikamoo mzee. Zima injini. Toa gia. Vuta breki. Sasa toa mguu taratibu."

Akatoa mguu. Lori likarudi nyuma.

Halikurudi kwa kishindo. Lilianza kama mtu anayesogea kumpisha mwenzake. Taratibu akakanyaga, likashika.

"Tena," akasema mkaguzi.

Akavuta kitufe tena, pshaaa, akatoa mguu. Likarudi tena. Akakanyaga. Jasho jembamba likamtoka chini ya kofia.

"Mwanangu, mara moja tu nyingine. Haijakaa vizuri."

"Mzee, imetosha."

"Mara moja. Nakuomba."

Hapo ndipo alipokosea mara ya pili, kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa, na kila alipokanyaga alikuwa ameula upepo uliobaki kwenye mitungi. Akatoa mguu, lori likaondoka. Akakanyaga, na mguu ukazama. Tani ishirini na kitu za nafaka zikamwambia sasa tunakwenda. Alisikia kelele, akaona kwenye kioo pua ya lori la Kisigino ikikua, akajua kwamba hana cha kufanya, kabisa kabisa hana, mikono yake ile iliyotengeneza kila kitu imeshika usukani tu. Ndipo kitu kikagonga chini, lori likaruka upande, likatulia.

Kisigino alikuwa ameruka kutoka lori lake na gogo lake la zamani, akalisukuma chini ya tairi, na alikuwa bado amelala kifudifudi pale alipoangukia.

"Niko hai," akasema, kabla hajaulizwa. "Suruali ndiyo imekufa."

Mkaguzi alikuwa amekuwa mweupe midomo. Aliandika. "Liondoeni hapa. Liwekeni pembeni ya uzio."

Taratibu akaliwasha, akaliweka pembeni, akashuka, akaingia chini na shati lake la Ijumaa. Akapapasa kila mpira. Hakuna uvujaji. Akapapasa valvu. Akalala pale akitazama vyuma alivyovifunga mwenyewe, na hakuna kilichomwambia kitu. Saa nne ikapita. Aliwasikia wenzake wakipimwa mmoja mmoja, wakiingia, milango ya geti ikilia. Mara moja akajikuta anasema kwa sauti, peke yake, "Nisaidie basi," na hakujua anaiambia chemba au nani.

Kisigino, alipokwisha kupita, akaja akajilaza kando yake.

"Mbona boliti zako zimetoka nje hivi?" akauliza.

"Si ndivyo zilivyo?"

"Kwangu hazipo huku. Zinakaa ubavuni, kwenye kijimfuko chake. Hizi ni za kuikamata springi wakati wa kusafirisha, kaka. Ukishafunga chemba unazilegeza, unazitoa, springi inakuwa huru. Nani kazikaza hivi?"

Taratibu akaipapasa nati iliyokuwa karibu naye.

"Nani?"

"Mimi. Niliona zimelegea."

Kisigino akaanza kucheka, akacheka hadi kichwa kikagonga chini, kisha akauona uso wa mwenzake, kicheko kikamfia mdomoni. "Lete spana," akasema.

Wakaujaza upepo, wakaanza kulegeza. Tatu zilitoka kwa tabu. Ya nne, iliyokazwa kwa bomba kuliko zote, ilikataa. Walining'inia wote wawili kwenye bomba kama watu wanaovuta maji kisimani, hadi nati ikapiga kelele na kugeuka. Saa tano na nusu. Springi nne zilikuwa huru. Lori sasa lilikuwa na breki kuliko lilivyopata kuwa nazo tangu lizaliwe.

Akamwendea mkaguzi, mikono myeusi, kofia kwapani.

"Mwanangu, nimeliona kosa. Ilikuwa boliti. Lipime sasa."

Binti akafungua karatasi zake. Hakuwa mkali. "Mzee wangu, sheria ni hivi. Kosa likiwa la mwenye gari, asubiri ukaguzi wa mwaka kesho. Likiwa la gereji au duka lililofunga, naweza kulipima tena leo hii, na hilo duka naliandika kwenye ubao pale getini ili wengine wajihadhari. Nani alifunga breki hizi?"

Kisigino, nyuma ya Taratibu, akamgusa mgongo kwa kidole. Sema fundi.

"Naomba dakika mbili," Taratibu akasema. Akaenda pembeni, akampigia shemeji simu.

"Nasikia upepo. Uko kilimani? Umepita?"

"Sijapita." Akaeleza yote, haraka, kama mtoto aliyevunja kitu.

"Boliti ya kulegeza, wewe ukaikaza?"

"Kwa bomba."

Shemeji akatoa kicheko kimoja, kifupi. "Basi mwambie ni fundi wangu."

"Wataandika duka lako ubaoni, shemeji. Madereva wote wanausoma ule ubao."

"Naujua ubao, rangi yake walinunua kwangu. Una muda gani?"

"Robo saa."

"Niandike, bwana, kabla sijapata akili."

Taratibu akarudi. Alipolitamka jina la duka la shemeji yake, ulimi ulikuwa mzito kana kwamba anatamka jina la marehemu. Binti akaandika. Lori likapanda mteremko, injini ikazimwa, mguu ukatoka. Likasimama. Dakika ya kwanza, ya tano, ya kumi, halikutikisika hata unywele. Kisigino akapiga makofi. Taratibu alishuka akiwa na karatasi ya kuingilia mkononi, na mdomo wake ukajaribu kutabasamu ukashindwa njiani.

Wiki mbili akapakia na kupakua. Kila alipopita getini aliliona jina la duka, herufi kubwa nyeupe, halina mwenzake ubaoni. Na foleni, kama ujuavyo, haina kazi ila maneno.

"Ukinunua breki pale," mmoja akasema, "nunua na jeneza papo hapo, wanakupunguzia bei."

"Fundi wao nasikia ni kinyozi."

Wakacheka wote. Taratibu naye akacheka, na aliposikia sauti yake mwenyewe ndani ya kile kicheko, akapandisha kioo. Kisigino alikuwa akimtazama kutoka upande wa pili wa barabara. Akatazama pengine.

Alipita dukani siku moja. Shemeji alikuwa mbele ya kaunta. Ameketi kwenye stuli ya wanunuzi, mikono juu ya mapaja, anatazama barabara.

"Leo nimekuja kuonja upande wenu," shemeji akasema. "Si pabaya. Panaonekana watu wanavyopita."

Katika maneno yale hamkuwa na lawama hata punje, na Taratibu angelipa chochote ili iwemo.

Mkewe ndiye aliyeitoa lawama. Ilikuwa Jumapili mchana, anakunja nguo, hakumtazama.

"Kaka amemwachisha fundi wake kazi. Hakuna mteja wa kumfungia."

"Nimesikia."

"Yule fundi ana mke na mtoto mchanga."

"Nimesikia, nimekwambia."

"Mimi sikuulizi kitu, baba watoto." Akalainisha shati la mumewe kwa kiganja, polepole, kana kwamba ndilo lililokuwa na homa. "Lakini ile spana ya bluu nilikupa mimi. Kwa mkono wangu huu. Najua ilikwenda wapi."

Hakulala mchana ule, ingawa alijilaza. Alipiga hesabu ya maisha bila lori na kila alipofika kwenye asubuhi ya kwanza, anaamka, anavaa, anakwenda wapi, hesabu ilikatika. Akairudia kutoka mwanzo. Ikakatika pale pale.

Jumatatu foleni ilikuwa ndefu, malori kumi na mawili, yeye wa saba. Akavuta breki, akazima injini, akashuka. Madereva walidhani anakwenda haja. Akaenda kwa lori lililokuwa mbele kabisa, akagonga mlango.

"Zile breki, za duka lile ubaoni. Hakuna fundi aliyezifunga. Nilifunga mimi. Boliti nilizikaza mimi, kwa ujinga wangu, halafu nikamsingizia mwenye duka."

"Mzee, una homa?"

"Sina. Nakwambia ujue."

Akashuka kwa la pili. Akasema maneno yale yale. Kwa la tatu sauti ilimkauka, akasema tena. Mmoja alimtukana. Mmoja alisema, "Kwa hiyo?" na kupandisha kioo. Yule wa jeneza akauliza, "Na sisi tuliokuwa tunacheka?" Taratibu akasema, "Nilicheka na mimi." Akamaliza malori sita ya mbele, akalipita lake mwenyewe, akaenda matano ya nyuma. Wa kwanza wao alikuwa Kisigino.

"Mimi usiniambie," Kisigino akasema. "Nilikuwa chini ya gari. Kaka, unajua unalofanya? Yule binti atasikia kabla hujafika mwisho."

"Ndiyo maana nafanya haraka."

Alipofika kwa wa mwisho, mkaguzi alikuwa tayari anateremka barabara, buti zake zinapiga vumbi.

"Mzee, ni kweli haya ninayoambiwa?"

"Kweli, mwanangu."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Siku ile ningesema, nisingekuwa hapa."

"Na leo?"

Alitoa karatasi ya kuingilia mfukoni, imekunjwa mara nne, akampa kabla hajaombwa, maana kumsubiri aiombe kulikuwa kugumu zaidi. Binti akaishika, akaitazama pande zote mbili kana kwamba huenda nyuma yake kuna la kumsaidia.

"Mwaka kesho njoo upimwe," akasema. "Lakini nitalazimika kuandika kwamba ulidanganya. Sijui wenye kiwanda watasemaje."

"Andika. Na lile jina ubaoni?"

"Nalifuta sasa hivi."

Akampungia mkono mlinzi wa geti na kumwonyesha ubao, na kutoka pale waliposimama walimwona akipandisha kitambaa chenye mafuta ya taa, herufi nyeupe zikiyeyuka na kutiririka. Taratibu akatazama hadi ubao ukawa mweusi. Akapanda ndani ya lori lake. Magunia yale ilibidi yarudi stesheni, yapakiwe na mwingine. Baada ya stesheni, hakujua. Mbele palikuwa na geti lisilo lake tena. Njia ni nyembamba, mtaro kulia, uzio kushoto, na lori lenye tela haligeuki pale. Hapakuwa na njia ila kinyumenyume, kilima kizima.

Kisigino ndiye aliyepiga filimbi. Lori la mwisho, la tano nyuma ya Taratibu, likawasha injini, likaanza kurudi. Likafuata la nne, la tatu, la pili, wanarudi mmoja mmoja hadi chini kwenye uwanda, bila honi hata moja, mizigo yao migongoni na zamu zao za foleni wameziacha. Kisigino akarudisha lake mwisho, akaliegesha, akapanda kilima kwa miguu, anahema.

Taratibu akaingiza gia ya nyuma. Kwenye kioo aliona rangi nyekundu ya tela na nyuma yake ukungu mtupu. Mtaro hakuuona, macho yalikuwa yamejaa.

"Sioni," akasema dirishani.

"Mimi naona," Kisigino akajibu, akasimama nyuma ya tela, mkono juu. "Kata kidogo kulia. Acha. Nyoosha. Njoo, njoo, njoo…"